Mwenzi Asiyealikwa Safarini

Msichana apandaye matatu Ruiru jioni aende Thika hana safari ndefu, kama kilomita 20 tu. Lakini zatosha mtu asiyemjua kuketi karibu naye na kumwuliza jina, kazi, na mahali atakaposhukia. Hilo la mwisho halistahili jibu, hata mwulizaji akiwa na sauti ya upole kama mhubiri.

Wengi hunyamaza kwa haya, na mwenzi huyo asiyealikwa hutegemea haya hiyo. Yafaa kusema kwa sauti, kwa heshima: “Ndugu, naomba uniache nisafiri kwa amani.” Abiria wote watasikia. Kisha amwombe kondakta kiti kingine. Akifuatwa baada ya kushuka, asielekee nyumbani, bali aingie dukani penye taa na watu.

Lakini je, kama kondakta mwenyewe ndiye mkosaji? Jambo hilo limekwisha kutokea. Mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo ndani ya basi huko Githurai, kabla ya kufika Ruiru utokapo Nairobi. Novemba wanawake waliandamana mjini Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha Kanuni ya Adhabu iliongezewa kifungu cha 251A: amvuaye mwingine nguo kwa nguvu hufungwa miaka isiyopungua 10. Mwaka 2017 mahakama iliwatia hatiani watu watatu kwa kisa cha Githurai, dereva na kondakta wakiwamo.

Kwa hiyo nambari ya gari isomwe kabla ya kupanda. Simu ya 1195 hupokea habari za ukatili wa namna hii, bila malipo.