Neno "Tight" na Mtego Wake kwa Mfasiri

Mwanafunzi wa tafsiri aghalabu hudhani kwamba kila kivumishi cha Kiingereza kina mwenziwe katika Kiswahili. Neno "tight" huivunja dhana hiyo mapema. Hatuna kivumishi kimoja kinacholitosheleza; kazi hiyo hufanywa zaidi na vitenzi, nasi husema suruali iliyobana au nguo ya kubana.

Vitenzi vikuu ni viwili. Kubana ni kushika au kusonga kutoka pande mbili au zaidi, ndiyo maana tuna kibano. Kiatu hubana, na abiria waliorundikwa katika matatu ya kutoka Eldoret kwenda Kesses hubanana. Kukaza ni kuvuta au kuzungusha kitu hadi kisilegee: twakaza kamba, twakaza parafujo, hata mwendo twaukaza. Humo ndimo lilimotoka neno mkazo, ambalo kila mwanafunzi wa fonolojia analijua. Basi suruali iliyobana haijakazwa, na kamba iliyokazwa huenda haikubana chochote.

Tukiacha vitu vya kushikika, ugumu huzidi. Ratiba yaweza kubana, nasi hubanwa na kazi. Bajeti huwa finyu, neno lenye udugu na kufinya. Ulinzi, kwa upande wake, huwa mkali au huimarishwa, na mchuano wa timu zinazotoshana nguvu pia huwa mkali. Anayeandika "usalama umebana" ameshika neno na kuiacha maana.

Hata hivyo, mtego mkubwa zaidi umo kiunoni. Bajeti ya taifa isomwapo mwezi wa Juni, wananchi hutakiwa "kukaza mshipi", usemi wa Kiingereza uliovikwa maneno yetu, maana yake kupunguza matumizi. Mfasiri anayependa Kiswahili cha asili hushawishika kuuondoa na kuweka "kujifunga kibwebwe". Lakini kibwebwe ni kanga anayojifunga mwanamke kiunoni anapoingia kazini au ngomani, na usemi huo ni wa bidii. Waziri alikusudia watu watumie kidogo; mfasiri amewaambia wafanye kazi zaidi! "Kubana matumizi" kungalitosha.

Wauza mitumba, kwa upande wao, walikwisha kulitohoa neno lenyewe likawa nomino: taiti, vazi la kike la kushika mwili. Mteja hulalamika kwamba taiti imembana, mwingine kwamba taiti yake imelegea, wala hakuna anayeshangaa.