Ndai na Mipaka ya Mchezo

Je, mchezo wa video uliojengwa juu ya masimulizi ni mchezo halisi? Katika Dear Esther (2012) mchezaji hutembea kisiwani akisikiliza hadithi, bila adui wala alama. Wapo wanaoukana kwa kuwa hauna mshindi.

Utegaji wa ndai, yaani vitendawili vya Wakamba wa Kitui na Makueni, waonyesha kuwa fasihi na mchezo vyaweza kuwa kitu kimoja. Mtegaji husema “Kwata ndai”. Mwenziwe hujibu “Nakwata”, kisha hufumbua au hushindwa. Lakini hata akishindwa, amecheza. Kigezo basi si ushindi bali zamu: masimulizi yanapomngoja msikilizaji atende ndipo yaendelee, huo ni mchezo. Dear Esther humngoja mtembeaji.