Mabwawa ya maji yaliyoachwa yanavyogombewa kando ya Mto Thames

UKITOKA mjini Kingston kwenda Surbiton, kusini-magharibi mwa jiji la London, barabara ya Portsmouth inafuata ukingo wa Mto Thames. Kati ya barabara na mto kuna uzio, na nyuma ya uzio kuna mabwawa makubwa yaliyojengwa kwa kuta imara. Baadhi yana maji, mengine yameota magugu. Mahali hapo panaitwa Seething Wells.

Kwa mfanyabiashara wa ardhi, hicho ni kiwanja cha dhahabu. Kipo mtoni, kipo London, na ng'ambo ya mto ni bustani ya kasri la Hampton Court. Hata hivyo, tangu mitambo yake ilipozimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuna aliyefanikiwa kujenga pale hata nyumba moja. Wakazi na Halmashauri ya Kingston wamesimama mlangoni.

Mvutano huu hauelewiki bila kujua kazi iliyofanywa na mabwawa hayo.

Katikati ya karne ya 19, London ilikuwa ikinywa maji ya mto uleule iliomwagia kinyesi. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 jijini humo. Mwaka 1852 kampuni ya maji ya Lambeth ilihamisha mabomba yake kutoka katikati ya jiji na kuyapeleka Seething Wells, juu ya mahali ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka na uchafu wa jiji. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni nyingine kufanya vivyo hivyo, na kuchuja maji ya majumbani. Kampuni ya Chelsea ikafuata Seething Wells mwaka 1856. Mhandisi wa kampuni zote mbili alikuwa James Simpson.

Kampuni ya Southwark na Vauxhall, mshindani wa Lambeth, ilichelewa kuhama. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1854, daktari John Snow alipata nafasi ambayo hakuna mtafiti angeweza kuipanga. Katika mitaa mingi ya kusini mwa London, nyumba moja ilinunua maji kwa kampuni hii, jirani yake kwa ile. Hewa ni ileile, kipato ni kilekile, tofauti ni bomba. Pale mwenye nyumba alipokuwa hajui anamlipa nani, Snow alipima chumvi katika maji, kwa kuwa maji ya chini ya mto yalikuwa na chumvi nyingi zaidi.

Hesabu yake ya wiki saba za kwanza ilikuwa hivi: Southwark na Vauxhall, nyumba 40,046, vifo 1,263. Lambeth, iliyoteka maji Seething Wells, nyumba 26,107, vifo 98. Kwa kila nyumba 10,000, ni vifo 315 dhidi ya 37. Madaktari wengi wa siku zile bado waliamini ugonjwa huletwa na harufu mbaya, na Snow alifariki mwaka 1858 kabla hoja yake haijakubaliwa kikamilifu.

Uchujaji wenyewe ni wa aina ambayo mkulima anaweza kuielewa mara moja. Chini ya bwawa hupangwa mawe na kokoto, juu yake mchanga wa kina cha karibu mita moja. Maji hushuka polepole, sentimita 10 hadi 40 kwa saa. Baada ya siku kadhaa utando laini wa vijidudu huota juu ya mchanga, na utando huo ndio unaokula vimelea vya magonjwa. Unapozidi unene maji hayapiti tena. Bwawa hukaushwa, vibarua hukwangua sentimita moja au mbili za juu, kazi inaanza upya. Hakuna dawa inayohitajika, lakini panahitajika nafasi kubwa na watu wa kukwangua. Hapo ndipo gharama ilipo, na ndiyo sababu mabwawa mengi ya zamani yaliishia kufungwa.

Huduma ya maji Uingereza iliuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 1989. Mabwawa ya Seething Wells yalipoacha kazi, yalibaki kuwa mali isiyozalisha, nayo yakauzwa. Miaka ya 2010 ilipoanza, mwekezaji alileta ombi la kuweka nyumba zinazoelea ndani ya mabwawa, pamoja na maegesho ya boti na mgahawa. Wakazi waliandika mapingamizi, na halmashauri ikakataa.

Nguvu ya halmashauri inatoka kwenye ramani. Eneo hilo limewekwa katika daraja la ardhi ya wazi ya jiji, ambayo kwa mipango ya London inalindwa sawasawa na ukanda wa kijani unaolizunguka jiji. Anayetaka kujenga ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ana sababu za pekee kabisa. Kuna pia majengo yaliyoorodheshwa kisheria kuwa ya kihistoria, na kuna popo. Popo wa aina ya Daubenton huwinda wadudu juu ya maji usiku, na mwanga wa taa huwafukuza. Sheria ya Uingereza inawalinda popo wote, jambo ambalo limewatoa jasho wajenzi wengi nchini humo.

Lakini ramani inaweza kusema "usijenge". Haiwezi kusema "palilia". Mwenye hati ya kumiliki anaweza kufunga lango na kusubiri. Ardhi ya wazi isiyojengwa ina bei ndogo, ila mwenye nayo huihesabu kwa bei ya siku ambayo sera itabadilika. Wathamini wa Uingereza wana hata jina la tofauti hiyo: thamani ya matumaini. Halmashauri inayotaka kununua kwa lazima hujikuta ikibishania matumaini hayo, na fedha zake zina kazi nyingine.

Upande wa pili wa jiji, kando ya Mto Lea, mambo yalikwenda vingine. Mabwawa ya kuchujia ya Middlesex huko Hackney yalijengwa mwaka 1852 na kufungwa mwaka 1969. Yaliingia mikononi mwa mamlaka ya hifadhi ya bonde la Lee, ambayo hupata sehemu ya fedha zake kutoka kodi za wakazi wa London, Essex na Hertfordshire. Mwaka 1988 yakafunguliwa kuwa hifadhi ya viumbe. Matete yameota penye mchanga, ndege wamehamia, na mtu huingia bila kiingilio. Mabwawa ni ya umri mmoja na yale ya Surbiton, mchanga ni uleule, ila jina kwenye hati ni la umma.

Seething Wells lango lipo barabarani, na wakazi wanaolipigania eneo hilo huliangalia kupitia uzio.