KUIGA MCHORO SI WIZI, NI SHULE

Mwiga tembo hupasuka msamba, ndivyo walivyonena wahenga. Aghalabu methali hii hutupiwa mwanafunzi anayeketi kuiga mchoro wa mtu mwingine. Wanafunzi wenzangu, leo naomba kuipinga kidogo. Anayeiga kazi ya bingwa kisha akatia jina lake, huyo ni mwizi, hakuna mjadala. Lakini anayeiga ili ajue ilivyotengenezwa ni msomaji, ila yeye husoma kwa mkono.

Chukua mchoro uitwao "Mama wa Lemminkäinen", uliochorwa mwaka 1897 na Akseli Gallen-Kallela wa Ufini. Bwana huyu si mgeni kabisa kwetu, kwani mwaka 1909 alifika hapa Kenya na jamaa yake, akachora watu na nchi yetu. Mchoro wenyewe umo katika makumbusho ya Ateneum, Helsinki. Kisa kimetoka katika Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini. Kijana Lemminkäinen ameuawa na kutupwa katika mto wa wafu. Mamake amemwopoa, sasa ameketi ukingoni, maiti imelala mbele yake, naye anatazama juu. Anangoja nini? Anamngoja nyuki alete asali ya mbinguni imrudishie mwanawe uhai. Mchoro huu ni fumbo basi: mama ni upendo unaokataa kushindwa na kifo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mchoraji alimketisha mama yake mwenyewe awe kielelezo.

Rangi aliyotumia huitwa tempera. Ziko za aina kadhaa, lakini ya yai ndiyo rahisi kwetu. Tenga kiini na ute. Kiviringishe kiini kiganjani mpaka kikauke nje, kishike ngozi yake, kitoboe, kimiminike kikombeni. Ongeza maji kidogo. Saga rangi ya unga kwa maji iwe kama uji mzito, kisha changanya na kiini kwa kiasi sawa. Hata udongo mwekundu uliochujwa vizuri wafaa. Angalia tu usivute vumbi wala usilambe brashi, kwa sababu baadhi ya rangi za unga ni sumu. Ubao nao upakwe chokaa laini iliyochanganywa na gundi, halafu upigwe msasa.

Tempera si mchezo. Hukauka upesi sana, kwa hivyo huwezi kuzivuruga rangi ubaoni kama zile za mafuta. Unaweka vistari vyembamba, tabaka juu ya tabaka, haba na haba hujaza kibaba. Uso wa yule mama ulinichukua siku tatu. Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo sikuliona kwa kutazama kitabuni tu: maiti imepauka, nguo ya mama ni ya giza, mto ni mweusi, hivyo jicho lako halina budi kupanda hadi usoni pake, na kutoka hapo kufuata macho yake hadi kwenye miale ya jua. Matumaini yamewekwa juu makusudi.

Wengi wetu huacha Sanaa tukisema rangi ni ghali. Kweli ni ghali, lakini yai moja latosha kazi ya siku nzima, na ute wabaki wa kukaangwa. Ukimaliza, andika nyuma ya ubao: "Nakala", jina la mwenye kazi, kisha lako. Haya shime, tukutane chumba cha Sanaa!