Uahirishaji

Uahirishaji ni tabia ya kuchelewesha kwa hiari kazi ambayo mtu amekusudia kuifanya, ingawa anajua kwamba kuichelewesha kutamletea hasara. Kazi zinazoahirishwa kwa kawaida ni zile zinazochosha, zinazotisha au zisizo na faida ya haraka, kwa mfano kusoma kwa ajili ya mtihani, kuandika ripoti, kwenda kupima afya, kulipa deni au kumpigia simu mtu mliyekosana.

Si kila ucheleweshaji ni uahirishaji. Mkulima anayengoja mvua kabla ya kupanda, au mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara kabla ya kuanza dawa, anachelewa kwa sababu ya msingi. Uahirishaji ni tofauti pia na uvivu. Mvivu hataki kufanya kazi wala hasumbuki kwa kutoifanya. Mwahirishaji anataka kazi ifanyike na dhamiri humsumbua. Mara nyingi hujishughulisha na kazi nyingine, kama kufagia chumba au kupanga vitabu, ili asiiguse ile iliyo muhimu.

Asili ya neno

Neno hilo linatokana na kitenzi "kuahirisha", chenye asili ya Kiarabu, yaani kusogeza jambo nyuma. Mzizi wake ni uleule uliotoa neno "akhera". Katika Kilatini jambo hilohilo huitwa procrastinatio, kutokana na neno cras lenye maana ya "kesho".

Historia

Tabia hiyo si mpya. Mnamo mwaka 700 KK hivi, mshairi Mgiriki Hesiodo, katika utenzi wake "Kazi na Siku", alimwonya ndugu yake Perses asiweke kazi ya shamba hadi kesho na kesho kutwa.

Wanafalsafa wa Ugiriki walijiuliza inawezekanaje mtu ajue lililo jema kwake na bado asilifanye. Katika maandishi ya Plato, Sokrates anadai kwamba hakuna atendaye kinyume cha anachojua kuwa bora. Anayekosea hukosea kwa kutojua. Aristoteli hakuridhika na jibu hilo. Katika kitabu cha saba cha "Maadili kwa Nikomako" alieleza hali aliyoiita akrasia, yaani udhaifu wa nia, ambapo mtu anajua lakini anashindwa na matamanio yake.

Sababu

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Aliona kwamba uahirishaji unahusiana hasa na mambo manne:

- kazi yenyewe kuchukiza;
- faida ya kazi kuwa mbali;
- mtu kutojiamini kwamba ataiweza;
- mtu kuvutwa kwa urahisi na vishawishi vilivyo karibu.

Kinyume na wanavyodhani wengi, kupenda ukamilifu kulikuwa na uhusiano mdogo tu na uahirishaji.

Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba uahirishaji ni njia ya kutuliza hisia kuliko kosa la kupanga muda. Mtu akiifikiria kazi huingiwa na hofu, aibu au uchovu. Akiiacha, hisia hizo hupungua papo hapo. Nafuu hiyo ni kama zawadi, nayo humfundisha kukimbia tena siku nyingine. Ndiyo maana kununua ratiba au saa mpya hakutoshi, kama hisia inayokimbiwa haijashughulikiwa.

Madhara

Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa muhula waahirishaji walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko wenzao. Mwishoni walikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi, waliugua zaidi na kupata alama za chini.

Katika afya, madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ni kati ya saratani zinazowapata zaidi wanawake wa Afrika Mashariki, kwa kawaida huchukua miaka mingi kujengeka, na dalili zake za awali zikigunduliwa kwa uchunguzi zinaweza kutibiwa kabla hazijawa saratani. Wengine hukosa uchunguzi kwa sababu ya umbali au gharama, lakini wengine huogopa majibu na kusema watakwenda mwezi ujao.

Mfano wa kilimo unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona kwamba wakulima wengi wa mahindi walikusudia kununua mbolea, lakini ulipofika wakati wa kuitumia hawakuwa wameinunua, na fedha za mavuno zilikuwa zimekwisha. Katika mpango ulioitwa SAFI, wakulima walitembelewa mara baada ya mavuno, wakiwa bado na fedha, wakauziwa mbolea kwa bei ya kawaida na kuahidiwa kuletewa bila malipo ya usafiri. Nafasi hiyo ilidumu kwa muda mfupi tu. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana na kile kilichopatikana kwa kupunguza bei kwa nusu baadaye katika msimu. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yanaonyesha kwamba wakulima hao hawakukosa elimu wala bidii. Walichohitaji ni nafasi ya kutenda wakati nia na fedha vipo pamoja.

Njia za kukabiliana nao

Kuanza kabla ya kupata hamu. Watu wengi husubiri wajisikie kufanya kazi ndipo waanze. Mara nyingi mpangilio ni wa kinyume: hamu huja baada ya kuanza. Kanuni hiyo hutumika hata katika kutibu sonona, ambapo mgonjwa husaidiwa kurudia shughuli zake hatua kwa hatua bila kungoja moyo wake uchangamke kwanza.

Kupunguza hatua ya kwanza. "Kuandika tasnifu" ni kazi inayotisha. "Kufungua daftari na kuandika kichwa cha sura ya kwanza" haitishi. Hatua ya kwanza inapaswa kuwa ndogo na ya wazi, kiasi kwamba haihitaji kufikiriwa tena.

Kufunga nia na wakati na mahali. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alipendekeza mipango ya namna ya "ikiwa... basi", kwa mfano: "Nikimaliza kunywa chai ya asubuhi, nitakaa mezani na kujaza fomu." Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kuona kwamba mipango ya namna hiyo husaidia watu kutimiza malengo kuliko nia peke yake.

Kufanya kazi kwa vipindi vifupi. Mwitalia Francesco Cirillo alibuni mbinu ya Pomodoro mwishoni mwa miaka ya 1980, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mtu hufanya kazi kwa dakika 25 bila kukatizwa, kisha hupumzika dakika 5. Anayeogopa kazi ya siku nzima huweza kuvumilia dakika 25.

Kuoanisha kazi na raha. Katika utafiti wa Katherine Milkman na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, watu walioruhusiwa kusikiliza riwaya za kusisimua wakiwa ukumbi wa mazoezi tu walikwenda mara nyingi zaidi mwanzoni, ingawa tofauti hiyo ilipungua baadaye.

Kufanya kazi pamoja. Nchini Rwanda, kazi za jumuiya ziitwazo umuganda hufanyika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Siku, saa na wenzi wa kazi vimeshapangwa, hivyo hakuna anayebaki akijiuliza aanze lini. Wanafunzi wanaosoma kwa vikundi hupata faida kama hiyo.

Kujisamehe. Katika utafiti wa Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa mwaka 2010, wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani uliofuata. Kujilaumu huongeza uchungu unaohusishwa na kazi, na uchungu huo ndio unaokimbiwa.

Uahirishaji uliokithiri unaweza pia kuwa dalili ya sonona, wasiwasi uliozidi au tatizo la umakini. Katika hali hizo mashauri ya kawaida hayatoshi, na ni vema kumwona mtaalamu wa afya ya akili.

Katika methali za Kiswahili

Methali nyingi zinaonya dhidi ya uahirishaji: "Linalowezekana leo lisingoje kesho", "Ngoja ngoja huumiza matumbo", "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako" na "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Nyingine, kama "Haraka haraka haina baraka", huweza kutumiwa kama kisingizio cha kuahirisha, ingawa zinahusu namna ya kufanya kazi, si wakati wa kuianza. "Bandu bandu huisha gogo" inafundisha kwamba kazi kubwa humalizwa kwa vipande vidogo.