Ndugu Anapoanguka Safuni: Dakika Nne Zilizo Mikononi Mwetu

Ilikuwa rakaa ya pili ya sala ya Ishaa, hapa Kasingirima, pale mzee wetu mmoja alipoanguka safuni. Baada ya salamu, mmoja alileta maji, mwingine akampepea, vijana wakakimbilia barabarani kutafuta bajaji, nami nikamtamkisha shahada sikioni. Kila mmoja alifanya jambo kwa mapenzi, lakini hakuna aliyefanya lile ambalo huenda lingemfaa. Tulipofika hospitalini, alikuwa amekwisha rejea kwa Mola wake. Ajali ya mja imo katika elimu ya Allah. Kushika sababu, hata hivyo, ni jukumu letu.

Moyo unaposimama ghafla, damu haifiki tena kwenye ubongo, na baada ya dakika nne hivi ubongo huanza kuharibika. Kabla hatujapata chombo cha kutufikisha Hospitali ya Maweni, muda huo umekwisha. Kwa hiyo tabibu wa mwanzo ni yule aliyesimama karibu.

Wala asidhani mtu kwamba hili ni la wazee tu. Desemba 2016, kijana Ismail Khalfan wa Mbao FC alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki. Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka uwanjani, moyo ukiwa umesimama. Alikandamizwa kifua pale pale, kisha moyo ukashtuliwa kwa mashine ya umeme. Alizinduka, na mwaka 2024 akafunga bao katika mashindano yale yale ya mataifa ya Ulaya.

Mashine hiyo hatuna msikitini, lakini mikono tunayo. Mwite aliyeanguka, mtikise mabega. Ikiwa haitiki wala hapumui, au anatweta kwa kukatiza kama samaki aliyetolewa majini, hesabu kwamba moyo umesimama. Mtume mtu mmoja atafute usafiri. Mlaze mgonjwa chali sakafuni, weka kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kisha bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Pokezaneni kila dakika mbili, msikome. Ubavu ukivunjika, huunga. Aliyeopolewa ziwani huhitaji pia kupuliziwa pumzi mdomoni, mara 2 kwa kila mibonyezo 30.

Wapo watakaouliza kuhusu sala, na kuhusu kumgusa mwanamke asiye maharimu. Wanazuoni wa fiqhi wamekwisha kubainisha: kukata sala ili kuiokoa nafsi inayoangamia ni wajibu kwa awezaye, na dharura huruhusu lililozuiliwa, kwa kadiri ya dharura yenyewe. Aya ya 32 ya Surat al-Maida yatosha kutukumbusha uzito wa nafsi moja.

Nawausia ndugu zangu wa kila msikiti: mwombeni mhudumu wa afya aje afundishe baada ya darsa, wanaume kwa wakati wao na akina mama kwa wakati wao, na kila nyumba itoe walau mtu mmoja. Shahada tutaendelea kumtamkisha ndugu yetu. Ila ulimi ukimtaja Allah, mikono nayo iwe kifuani.