Kompyuta 40 kwa Usiku Mmoja: Jinsi Mfumo Mpya Unavyowekwa Kupitia Mtandao

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuhudumia Windows 10. Habari hiyo inamhusu hata mkazi anayelipia leseni ya biashara kaunta au anayetibiwa katika hospitali ya kaunti. Kompyuta isiyopokea marekebisho ya usalama ni mlango usio na komeo, na nyuma ya mlango huo mna jina lake, nambari ya kitambulisho na taarifa za matibabu. Mashine za namna hiyo zinahitaji mfumo mpya, na foleni ya wananchi haiwezi kungoja mwezi mzima.

Kwa njia ya zamani, afisa wa TEHAMA hupita meza kwa meza na flashi mkononi, akijibu maswali yaleyale: lugha gani, saa za nchi gani, diski igawanywe vipi, neno la siri lipi. Ofisi yenye kompyuta 40, hata kila moja ikichukua saa moja tu, humla wiki nzima. Na mtu akichoka husahau. Mashine moja ikibaki bila kinga ya virusi, mwizi wa taarifa hana haja na zile 39 nyingine.

Dawa yake imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Intel ilipotoa utaratibu uitwao PXE. Kompyuta huwaka bila kutegemea diski yake. Huuliza kupitia kebo ya mtandao: anwani yangu ni ipi, na nianzie wapi? Seva huijibu kwa kuipa anwani na faili ndogo ya kuanzia, kisha mfumo wenyewe hufuata. Maswali yote ya afisa huwa yamekwisha kujibiwa katika faili ya majibu. Kwenye Debian huitwa preseed, kwenye Red Hat ni Kickstart. Huandikwa mara moja, na mashine zote hutoka sawa.

Kwa kuwa mafaili yako kwenye seva iliyo ofisini, kazi hii haimalizi bando la intaneti. Lakini kebo ni lazima kwa kompyuta nyingi, kwani Wi-Fi kwa kawaida haifai hapa. Stima nayo ikipotea katikati, mashine huanza upya.

Hatari kubwa iko kwingine. Kuweka mfumo upya mara nyingi huanza kwa kufuta diski, na seva haijui kama ndani mna kumbukumbu za mtu. Mwezi Mei 2014, katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, agizo la kuweka Windows 7 lilitumwa kimakosa kwa kompyuta zote za Windows chuoni, seva zikiwemo. Hata seva iliyokuwa ikilituma haikusalimika.

Ndiyo maana wataalamu makini hunakili kumbukumbu kwanza, wakahakikisha nakala inafunguka, kisha wakajaribu kwa mashine mbili tatu kabla ya ofisi nzima. Huduma ya PXE huwekwa kwenye sehemu ya mtandao iliyotengwa, na kuzimwa kazi ikiisha. Faili ya majibu nayo hufungiwa, kwa sababu huweza kuwa na maneno ya siri. Hatua hizi huongeza siku kadhaa, na siku hizo si za kuonewa choyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Mkazi akikuta rekodi yake imepungua baada ya kompyuta kubadilishwa, aseme papo hapo na aonyeshe risiti au kadi yake ya awali. Asichelewe, maana nakala za akiba nazo hufutwa kupisha nyingine.